Gurudumu la Nyuma la Kulia

Mwaka 1992 nilinunua gari ambalo mwalimu mwenye hesabu zake asingelinunua. Lilikuwa Datsun 160J, jekundu lililokwisha kupauka, na bwana wa Tanga mjini aliyeniuzia alikuwa amelikimbiza katika mashindano madogo ya magari. Viti vya mbele vilikuwa vile vya kumbana dereva mbavuni, na mlangoni palikuwa na mabaki ya namba ya mashindano ambayo nilikataa kuyabandua. Walimu wenzangu walikuwa wakinunua baiskeli, au bati za nyumba. Mimi nilikuwa nikiishi Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, na barabara ya kuteremkia Muheza, zaidi ya kilomita 30, ilikuwa ya udongo mwekundu, mawe na kona. Gari la mahali kama pale ni Land Rover. Hilo nilikuwa nalijua siku ile ile nilipokuwa nahesabu fedha mbele ya yule bwana.

Msomaji wa umri wangu atanisamehe upesi kuliko vijana, kwa sababu sisi tulikua tukiyasikiliza mashindano ya Safari redioni. Yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, nasi tulimhesabu kuwa wetu. Baadaye Shekhar Mehta wa Kenya akashinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun za ukoo ule ule wa hili la kwangu. Huko Japani gari hilo liliitwa Violet. Nilipolijua jina hilo nilicheka peke yangu, kwa maana ni jina la ua, na Wazungu hulitumia pia kwa lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya misitu yetu, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala hapa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, na siku hizi linapandwa katika vyungu vya madirishani dunia nzima. Nikajiambia kwamba basi gari limerudi kwao. Mtu akitaka kununua kitu hakosi sababu.

Naeleza haya yote ili ijulikane kwamba gari lile nililipenda kwa majivuno, kwa sababu majivuno hayo yanaingia katika kisa.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kunguruma. Kwa mwendo wa taratibu hukusikia kitu; ukifika kilomita 40 kwa saa ulianza mlio kama wa jiwe la kusagia, na kadiri ulivyoongeza mwendo ndivyo mlio ulivyopanda. Nikamteremkia fundi wangu wa Muheza, mzee aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe, na ambaye hakuwa na kibao wala jina la gereji. Aliliinua gari kwa jeki, akashika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa, likacheza. Akaenda la kulia, akalitikisa, likatulia. Lakini hakuliacha. Akafungua nati zake moja moja kwa mkono, taratibu, kama mtu anayepapasa mfupa wa mgonjwa, na mbili kati ya hizo akazirudia mara kadhaa.

Kwa msomaji asiyelala chini ya magari, niseme kidogo jinsi mambo yalivyo huko. Tairi la nyuma la gari kama lile hufungwa kwa nati nne juu ya studi nne. Studi hizo zina meno shingoni, nazo huingizwa kwa nguvu kutokea nyuma ya sahani ya chuma iliyoko kwenye ncha ya shafti. Shafti huzunguka ndani ya beringi, na beringi hushikiliwa na pete ya chuma iliyobanwa juu ya shafti kwa presi. Pete hiyo ndiyo inayoizuia shafti nzima, pamoja na tairi lake, isichomoke kwenye ekseli kama panga kwenye ala. Kisha kuna sili ya kuizuia oili ya difu isiingie kwenye breki. Vyote hivi vimefichika nyuma ya ngoma ya breki. Anayelitazama gari huona rangi, na anayelisikiliza huisikia injini.

Mimi nilikuwa nikidhani kwamba studi ndizo zinazobeba uzito wa gari. Fundi alinisahihisha.

“Studi haibebi, mwalimu. Studi inabana. Rimu ikibanwa sawasawa juu ya sahani, zinakuwa kitu kimoja, na huo mbano ndio unaobeba. Nati ikilegea, rimu inaanza kucheza, na hapo ndipo studi inapobebeshwa kazi isiyo yake. Inapindwa huku na huku kila tairi likizunguka mara moja. Utauvunja waya kwa namna gani, wewe? Si kwa kuupinda huku na huku?”

Akanionyesha ubaya wa kulia. Yule bwana wa mashindano, kwa kuogopa tairi lisimtoke katika mwendo, alikuwa akikaza nati kwa kutia bomba refu kwenye spana na kulikanyaga. Chuma kikivutwa namna hiyo hurefuka, na kikipita kiasi hakirudi tena. Studi mbili za kulia zilikwisha vutwa. Nati zilipanda juu yake, zikafika mwisho, lakini ukikaza hazikuuma. Ziliendelea kuteleza kidogo kidogo kama kwamba unakaza ndani ya mgomba. Shauri lake likawa fupi: beringi mbili, sili mbili, pete mbili, studi nane. Kushoto kunalia na kulia kunakuja.

Nikamuuliza bei. Spea zilikuwa za kununua Tanga mjini, kwenye maduka ya Ngamiani, na shafti ilibidi zipelekwe huko huko kwenye presi, kwa kuwa pete ya zamani hukatwa kwa tindo ikatupwa, na mpya haiingii kwa nyundo. Nilikuwa na fedha ya upande mmoja. Nikasema, “Fundi, tufanye kushoto. Kulia nitakuja mwisho wa mwezi.”

Hakubisha. Alibadilisha zile nati mbili za kulia, akakaza alivyoweza, akasema, “Basi uwe unazitazama.” Upande wa kushoto alioufanya ulikuwa kama mpya, na mngurumo ukaisha. Mwisho wa mwezi ukaja, ukawa na ada ya shule ya mtoto wa dada yangu. Wa pili ukaja, ukawa na msiba. Gari lilikuwa kimya, na mimi nikauchukua ukimya ule kuwa jibu. Nati nilizitazama mara mbili, labda tatu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa nimelala na homa ya malaria nikasikia hodi. Alikuwa jirani yangu. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu mchana na mambo hayakwenda vizuri. Mkunga alikuwa amesema ateremshwe Muheza hospitali bila kukawia. Gari la shamba la chai halikuwapo. Simu za mkononi hazikuwapo nchini mwetu wakati ule, na hata zingekuwapo, ningempigia nani? Jirani alikuja na shemeji yake, kaka wa huyo mama, ambaye alikuwa dereva wa lori la chai na aliijua ile barabara kuliko mimi.

“Mwalimu, tunaomba gari. Shemeji ataendesha.”

Nikachukua ufunguo msumarini nikampa. Nikawaambia mafuta yapo, na kwamba taa ya kushoto inaangaza juu kidogo. Hiyo ya taa nilikumbuka kuisema. Juu ya gurudumu la kulia sikusema neno.

Walikwenda, wakafika, mtoto akazaliwa alfajiri, wa kiume, na mama akapona. Siku ya tatu gari lilirudishwa, limeoshwa, na mafuta yameongezwa. Jirani alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa bila aibu. Shemeji yake alipokuwa anaondoka akageuka, akasema tu, “Mwalimu, nyuma kulia kuna kitu kinacheza ndani ya kofia ya rimu. Kinalia kama sarafu kwenye kopo.”

Nilisubiri mpaka wameondoka. Nikaitoa ile kofia kwa bisibisi, na mkononi mwangu vikaanguka vipande viwili vya studi, kila kimoja na nati yake juu. Studi ya tatu nilipoigusa kwa spana ilikatika bila ya nguvu yoyote. Mama mwenye uchungu, mumewe, mkunga na dereva walikuwa wameteremka milima ile usiku, kwenye tope, na gurudumu la nyuma likishikiliwa, pengine kwa sehemu ya safari, na studi moja nzima.

Vipande vile nilimpelekea fundi. Akavipangusa, akaniita jua lilipo. Sehemu ya chuma iliyokatika, alisema, ina habari zake. Kwenye kipande cha kwanza karibu uso wote ulikuwa mweusi wa kutu, na mistari iliyopindana mmoja nje ya mwingine, kama ile iliyo juu ya kombe la pwani; ni ukingo mwembamba tu uliokuwa unang’aa. “Huu ufa umetembea miezi,” alisema. “Kila mstari umesimama kidogo, ukaendelea.” Kipande cha pili kilikuwa cheusi nusu tu, na nusu iliyobaki ilimeta kama fedha. “Huu umekatika juzi.”

Juzi, yaani usiku ule.

Ndugu msomaji, tangu hapo swali lililonikaa ni hili: nilitenda kosa gani, na ni kubwa kiasi gani? Hakuna aliyeumia. Gurudumu lingechomoka kwenye kona moja juu ya Sigi, watu wangesema kwamba mwalimu ameua watu watano, mmoja wao hajazaliwa, na wasingekosea. Halikuchomoka, na watu wakasema mwalimu ameokoa wawili. Na baina ya mwalimu huyu na yule sioni tofauti hata ya unywele. Ufunguo ni ule ule, msumari ni ule ule, na ukimya ni ule ule.

Baadaye sana niligundua kwamba wanafalsafa wamelifanyia kazi jambo hili. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alishikilia kwamba thamani ya nia njema haiongezwi na kufaulu wala haipunguzwi na kushindwa. Mwaka 1976 Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel walitoa makala mbili, ya pili ikiijibu ya kwanza, kuhusu nafasi ya bahati katika maadili. Wote wawili wanamtaja dereva wa lori aliyemgonga mtoto. Na Nagel anafikiri juu ya dereva ambaye hakuwa amepeleka breki zake kukaguliwa. Kama mtoto hakukatiza barabara usiku ule, dereva huyo ana kosa dogo la uzembe na analala usingizi wake. Kama alikatiza, atajilaumu maisha yake yote. Uzembe ni mmoja, ila mtoto ndiye aliyekatiza au hakukatiza. Nagel anaona kwamba akili yetu hukataa tusihukumiwe kwa kitu tusichokitawala, na bado hukumu zetu zote zinakwenda hivyo. Hata sheria inakwenda hivyo: Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalo kosa la kutia barabarani gari bovu, na inalo kosa jingine, zito zaidi, la kusababisha kifo.

Makala ya Nagel niliisoma kwa shauku, nikitumaini kwamba ama itanishitaki ama itaniachilia. Lakini nadhani mfano wa breki haufiki mahali pangu. Dereva wa Nagel hakujua. Mimi nilikuwa nimeshikishwa ile nati mkononi nikaambiwa kuna nini. Na ninapojiuliza kama fundi anavyouliza chuma, naona kwamba ufa wangu haukuanza usiku wa Mei. Ulianza chini ya mwembe, niliposema mwisho wa mwezi, na katika hilo sina uhakika kwamba nilikosa sana. Fedha haikuwapo. Katika nchi yetu, watu wangengoja gari lisilo na kasoro, wangapi wangefika hospitali? Magari mengi yaliyobeba wagonjwa wa vijiji vyetu yalikuwa na kasoro mbaya kuliko yangu. Anayedai kwamba mtu maskini asiendeshe mpaka kila studi iwe mpya, amesahau kwamba kukaa nyumbani nako huua.

Kwa hiyo sikukosa kutoa gari bovu. Usiku ule gari bovu lilikuwa bora kuliko kukosa gari, na jirani yangu angelipanda hata kama angejua. Hapo ndipo nilipojificha kwa muda mrefu. Nilijiambia: ningewaambia, wangekwenda tu, basi kuwaambia kusingebadili kitu. Hoja hii ni tamu, na ni ya uongo. Shemeji mtu alikuwa dereva wa lori. Angejua, angetoa spana ya tairi kabla ya kuondoka na kukaza zilizokazika. Angesimama Sigi, ambako ukali wa mteremko huisha, akaangalia. Angesikia zile sarafu ndani ya kopo akajua ni nini, badala ya kuzisikia akadhani ni kokoto. Nilichomnyima si usalama, maana huo sikuwa nao. Nilimnyima habari, na habari ile ilikuwa yake kuliko yangu, kwa kuwa shingo zilizokuwa ndani ya gari zilikuwa zao. Hata matairi yangefika Muheza na kurudi mara mia moja, kile kilichokuwa haki yao ningekuwa nimekizuia mara mia moja. Hapo bahati haina la kuongeza wala kupunguza, na katika hili naona wakubwa wale wa falsafa wananiachia nafasi ndogo ya kupingana nao.

Na kwa nini sikusema? Homa, ndiyo; haraka, ndiyo. Lakini taa niliikumbuka. Nilinyamaza kwa sababu pale mlangoni nilikuwa ninatoa, na mtu anayetoa hapendi kuonekana kwamba anachotoa kimeoza. Nilitaka kuwa mwenye gari la Safari. Kusema “gurudumu la kulia limebakia na studi mbili nzima kwa sababu sikuwa na fedha” kungenishusha kwenye ngazi ya yule aliyekuwa anaomba. Ni jambo dogo la kuweka kwenye mizani moja na mama mwenye uchungu, nami nililiweka.

Fundi alinikopesha kazi ya upande wa kulia. Spea nililipa kwa awamu. Nilikaa naye siku nzima. Shafti iliporudi kutoka Tanga na beringi mpya na pete mpya, akanipa nafasi ya kukaza nati mwenyewe: kwa mkono kwanza, kisha kwa msalaba, hii na inayoelekeana nayo, spana tupu bila bomba. “Ukisikia imeuma, acha,” alisema. “Endesha mpaka nyumbani, kesho uikaze tena. Chuma kipya lazima kikae.” Nikamweleza kisa chote. Aliendelea kupangusa mikono kwa mafuta ya taa, halafu akaniuliza kama nimemwambia jirani. Nikasema bado. Hakusema zaidi.

Nilimwambia jirani mtoto alipokuwa na siku arobaini. Nilichukua vile vipande vitatu katika kopo la maziwa ya unga, nikavimwaga juu ya meza yake, nikaeleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa nimejiandaa pia, nakiri, kwa yale maneno kwamba Mungu mkubwa, yamepita, tusiyazungumze. Hakusema hili wala lile. Aliokota kile kinachometa akakitazama muda mrefu. Kisha akasema, “Ningepanda, mwalimu. Lakini ningejua nimepanda nini.” Akamwita mkewe alete chai.

Ujirani haukuvunjika. Gari niliendelea kuwa nalo mpaka mwaka 1999, nao waliliomba mara nne au tano zaidi. Kila mara ufunguo niliutoa pamoja na maelezo yote, tangu breki hadi waipa. Jirani yangu alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafungua buti, akatoa spana ya tairi, akachuchumaa nyuma upande wa kulia na kuijaribu kila nati, moja baada ya moja, hali mimi nimesimama hapo hapo. Nilimshikia tochi.